Mvua ya Nyeri, Mafuriko ya Garsen: Jiografia ya Mto Wetu

Haya ni mazungumzo ya Afisa wa Habari wa Kaunti ya Tana River na wanafunzi wa Gredi ya 7 hadi ya 9. Tunayachapisha kwa faida ya wazazi na wakazi wote, hasa wanaoishi kandokando ya mto.

 

Mwalimu wenu wa Masomo ya Jamii ameniomba nizungumze juu ya jiografia ya maumbile na jiografia ya binadamu. Ya kwanza huchunguza milima, mito, udongo, mvua na upepo. Ya pili huchunguza watu: wanaishi wapi, wanafanya kazi gani, wanahama lini na kwa nini. Vitabuni ni sura mbili tofauti. Hapa kwetu zimefungwa pamoja na kamba moja, nayo ni Mto Tana.

Maji yanatoka wapi?

Mnakumbuka Aprili na Mei 2024. Kulikuwa na siku ambapo mbingu ya hapa ilikuwa kavu, jua linawaka, na bado maji yalikuwa yanapanda kuelekea milangoni. Watu wengi waliuliza: mafuriko gani haya bila mvua?

Jibu liko kwenye ramani ya Kenya. Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini. Vyanzo vyake viko katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, wenye kilele cha mita 5,199. Huko vijito hukusanyika kuwa mito kama Sagana, Thika na Thiba, na yote humiminika katika Tana. Miteremko ya kusini mashariki ya Mlima Kenya hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Sehemu nyingi za kaunti yetu hazipati hata nusu ya hiyo. Kwa hiyo mvua inayojaza mto wetu kwa kawaida si mvua yetu. Hunyesha Nyeri, Murang'a, Kirinyaga na Meru, kisha hutufikia baada ya siku kadhaa.

Eneo lote ambalo mvua yake huishia katika mto mmoja ndilo bonde la mto huo. Mpaka wa kaunti umechorwa na watu; mpaka wa bonde umechorwa na milima. Maji hayaujui mpaka wa kaunti.

Njiani kuna mabwawa matano ya kuzalisha umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga, lililo kubwa zaidi, huhifadhi maji na kupunguza makali ya mafuriko madogo. Lakini bwawa ni kama mtungi. Ukishajaa, kinachoingia lazima kitoke. Mkisikia redioni kwamba Masinga limeanza kufurika, hiyo ni habari yenu, hata kama liko mbali sana na hapa.

Kwa nini maji hayaondoki upesi?

Mji wa Garissa, ng'ambo ya Madogo, uko takriban mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, na mto bado una safari ya mamia ya kilomita kabla ya kufika Kipini. Mteremko ni mdogo mno. Mto usio na mteremko hupunguza mwendo, hujipinda huku na huko, na hutua udongo uliobeba. Ukifurika, udongo huo huenea pande zote mbili na kuunda ardhi tambarare iitwayo uwanda wa mafuriko. Pinde nyingine hukatwa na mto na kubaki maziwa yenye umbo la mwezi mwandamo. Ziwa Shakababo, karibu na Garsen, ni mojawapo.

Hata mdomo wa mto umewahi kuhama, na mkono wa binadamu ulihusika. Katika karne ya 19 mfereji ulichimbwa Belazoni kuunganisha Tana na Mto Ozi, wakati wa utawala wa Witu. Mto ukaupanua ule mfereji ukawa njia yake. Waliochimba walitaka njia ya maji. Walichopata ni mto mzima. Maji hufuata mkondo.

Watu na mto

Sasa tuwaangalie watu. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 315,943 katika kaunti yetu. Ukigawanya kwa ukubwa wa ardhi, unapata takriban watu 8 kwa kila kilomita ya mraba. Wastani wa Kenya nzima ni takriban 82. Huo ndio msongamano wa watu. Lakini wastani huficha mambo. Nendeni mbali na mto muone mlivyo wachache. Rudini ukingoni muone vijiji vilivyofuatana.

Kwa nini watu wakae mahali panapofurika? Kwa sababu yale mafuriko ndiyo yanayoleta rutuba. Wakulima wa Kipokomo kwa vizazi vingi wamepanda mpunga, ndizi na maembe katika udongo ulioachwa na mto. Wafugaji wa Kiorma na Kiwardei hutawanyika na mifugo mvua inaponyesha, na kiangazi kikikaza hurudi mtoni kupitia malka, zile njia za kuteremshia mifugo majini. Kwa hiyo kiangazi huwaleta watu wote kwenye ukanda mmoja mwembamba. Malka ikizibwa kwa shamba, au shamba likiliwa na ng'ombe, ugomvi huanza. Mwaka 2012 katika Delta tulizika watu wengi. Ramani inayoonyesha malka zote na mashamba yote, iliyokubaliwa na pande zote mbili, ni jiografia inayookoa maisha.

Kile ambacho ramani haionyeshi

Mmefundishwa kusoma kontua, ile mistari inayounganisha mahali penye kimo sawa. Katika ramani zetu za kipimo cha 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1, na kontua moja hadi nyingine ni tofauti ya mita 20. Ni ramani nzuri sana kwa mtu anayepanda Mlima Kenya. Lakini katika uwanda wetu, nyumba inayozama na nyumba inayobaki kavu huenda zimetofautiana mita 2 au 3 tu. Tofauti hiyo haipo kwenye ramani.

Iko wapi basi? Iko vichwani mwa wazee. Wanakumbuka maji ya 1961 yalifika wapi, na ya El Niño ya 1997 yalifika mti gani.

Kwa hiyo nawapa kazi ya nyumbani. Kila mmoja achore ramani ya kijiji chake. Weka kaskazini, weka kipimo, hata kama ni hatua za miguu yako. Onyesha mto, malka, shule, zahanati na barabara. Kisha nenda kwa babu, bibi au jirani mzee, umuulize maji yalifika wapi kila mara mto ulipofurika, na uchore mstari hapo. Chora mstari mwingine kwa maji ya 2024. Mwisho, tia alama mahali palipobaki pakavu, na njia ya kufika huko kabla ya barabara kukatika.

Maneno "kabla ya barabara kukatika" muyashike. Mwishoni mwa Aprili 2024, mashua iliyokuwa ikivusha watu katika maji ya mafuriko huko Madogo ilipinduka na watu wakafa. Maji yakishaifunika barabara, kila njia ni ya hatari. Muda salama wa kuondoka ni zile siku chache ambazo maji bado yako njiani kutoka milimani.

Wazazi, naomba msaidie kazi hii. Mnaposikia tahadhari ya Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa kuhusu mvua kubwa nyanda za juu, au tangazo la chifu kuhusu mabwawa, msitazame mbingu ya hapa kwanza. Tazameni ramani ya mtoto wenu, muanze kuhamisha wazee, wagonjwa, mbegu na mifugo midogo.

Walimu, ramani zikikamilika zibandikeni ukutani, na nakala mpelekeeni chifu.

 Sasa nipo tayari kwa maswali yenu.