Kipande, Askari na Kalamu: Wajibu wa Mwandishi Mbele ya Ubaguzi wa Polisi



Nimeombwa nizungumzie wajibu wa mwandishi wa habari pale polisi wanapomsimamisha mtu kwa sababu ya rangi au kabila lake. Naanza na mhariri aliyefia Bukoba mwaka 1926, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Aliitwa Manilal Ambalal Desai, Mhindi mkazi wa Nairobi, mwenye gazeti la East African Chronicle. Ninamheshimu kwa tahariri zake, lakini namheshimu zaidi kwa kuwa alimfungulia Mwafrika mlango wa chumba chake cha kuchapia, wakati ambao kufanya hivyo kulikuwa na gharama.

Mwafrika huyo ni Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui, Kiambu. Ufundi wa kupanga herufi aliupata katika gazeti la walowezi, kisha akaajiriwa mpokeaji simu katika Hazina ya serikali ya kikoloni. Kwa hiyo alijua mambo mawili: gazeti linavyotengenezwa, na serikali inavyozungumza ndani ya ofisi zake.

Kilichomsukuma kuandika ni pamoja na kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea alilazimika kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake. Ilionyesha jina lake, jina la mwajiri wake, tarehe ya kuanza kazi, tarehe ya kuruhusiwa kuondoka, na mshahara. Karatasi ilikunjwa, ikatiwa ndani ya kikopo kidogo cha bati, na kikopo kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Askari alipomsimamisha mtu njiani alifungua kikopo na kutazama ile nafasi ya tarehe ya kuondoka. Ikiwa haina saini ya mwajiri, mtu huyo amehesabiwa kuwa mtoro, na safari ya mahabusu imeanza. Mzungu hakuvaa kikopo hicho. Mhindi hakuvaa.

Askari aliyekifungua alikuwa Mwafrika. Jeshi la polisi la Kenya lilipangwa kwa ngazi za rangi, maofisa wa juu wakiwa Wazungu na askari wa doria wakiwa Waafrika. Jambo hili lina uzito hadi leo, kwa sababu bado wapo wanaodai kwamba hapawezi kuwa na ubaguzi ikiwa anayekamata na anayekamatwa wanafanana. Ubaguzi hukaa katika amri inayomtuma askari. Aweza kuitekeleza amri hiyo dhidi ya ndugu yake mwenyewe, na akarudi nyumbani jioni akiamini ametimiza kazi.

Mwaka 1921, walowezi walipopunguza mishahara ya vibarua, Thuku na wenzake walianzisha chama kilichokuja kuitwa East African Association. Alitoa Tangazo, karatasi ya habari iliyochapwa kwa msaada wa Desai, akaandika juu ya kipande, kodi, mishahara, na wanawake waliolazimishwa kufanya kazi mashambani. Malalamiko yakatumwa kwa simu ya maandishi moja kwa moja hadi London, bila kupitia kwa watawala wa Nairobi. Kwa hatua hiyo Thuku alipoteza kazi yake Hazina.

Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi alikoshikiliwa. Mary Muthoni Nyanjiru aliwakemea wanaume waliotaka kutawanyika, akawaongoza watu kusogea mbele. Polisi wakafyatua risasi. Nyanjiru alikufa pale, pamoja na watu wengine wanaozidi 20. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu bila kufikishwa mahakamani, na ikapita zaidi ya miaka minane kabla hajarudi kwao. Ofisi ya Desai ilipekuliwa, na gazeti lake halikudumu.

Je, walishindwa? Kipande kiliendelea kuvaliwa kwa miaka mingi. Lakini kuanzia siku hizo hakuna mtawala aliyeweza kusema hakujua. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilipotunga sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote, walowezi waligoma kutoa alama za vidole, wakisema ni kudhalilishwa. Ni jambo lile lile ambalo Waafrika walikuwa wamelisema kwa zaidi ya robo karne.

Mabibi na mabwana, uhuru ulikuja na vikopo vya bati vikatupwa. Tabia haikutupwa yote. Mwaka 1989 serikali ya Kenya iliwataka Wasomali, raia wa nchi hiyo, wahakikiwe upya na kupewa kadi za rangi ya waridi za kuthibitisha uraia wao. Mwaka 2013 mwandishi Mohammed Adow, mwenyewe Msomali wa Kenya, aliitumia kamera ya Al Jazeera kueleza historia hiyo katika filamu yake ya Not Yet Kenyan. Aprili 2014 ikaja Operesheni Usalama Watch. Polisi waliingia mtaa wa Eastleigh, Nairobi, nyumba kwa nyumba, watu wapatao 4,000 wakakamatwa, na wengi wakashikiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Wakazi walisema askari walikuwa wamewageuza mashine za ATM: kitambulisho hakikutosha bila noti. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kufuta uhakiki wa ziada uliokuwa ukiwakabili watu wa kaskazini wanaoomba vitambulisho. Kati ya kadi za waridi na tangazo hilo ilipita miaka zaidi ya 35.

Nasi Watanzania tusijifiche nyuma ya mpaka. Septemba 2013, Operesheni Kimbunga ilipita Kagera, Geita na Kigoma kuwasaka wahamiaji haramu. Miongoni mwa waliosukumwa kuvuka mpaka walikuwamo watu waliosema wamezaliwa hapa, wameoa hapa, wamezika wazazi wao hapa. Habari nyingi za operesheni za namna hii huandikwa kutoka mdomo mmoja, wa kamanda: idadi ya waliokamatwa, uraia unaodhaniwa, na pongezi kwa vyombo vya dola. Aliyekamatwa hutokea kwenye picha tu, amechuchumaa chini ya mti.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni nzito. Watu 67 waliuawa katika shambulio la kigaidi kwenye jengo la maduka la Westgate, Nairobi, mwaka 2013. Polisi wana wajibu wa kulinda uhai, na kila nchi ina haki ya kujua nani yumo ndani yake. Nakubali. Lakini polisi anayemtafuta mtu kwa alichotenda ana ushahidi wa kufuata. Anayemtafuta kwa sura, jina au lafudhi ana umati tu, na umati ule ule ndio uliopaswa kumpa taarifa. Mtaa uliodhalilishwa hufunga mdomo, na mhalifu hupata kichaka.

Basi mwandishi afanye nini? Chuo chetu cha Nyegezi kimekuwa kikifundisha wanahabari tangu enzi za kituo alichokianzisha Askofu Joseph Blomjous mwaka 1960, kwa hiyo nawaambia wanafunzi jambo la kiufundi. Andika namna kitu kinavyofanya kazi. Nani alisimamishwa, barabara gani, saa ngapi. Nani alikuwa ndani ya daladala hiyo hiyo na hakuulizwa kitu. Karatasi gani ilidaiwa, ikakataliwa kwa sababu ipi. Kiasi gani kililipwa, na kama palikuwa na stakabadhi. Keti mahakama ya mwanzo asubuhi usikilize majina yanayoitwa. Kamanda akitaja idadi, muulize wangapi wameachiwa baada ya kuthibitika kuwa raia. Thuku hakumtikisa gavana kwa matusi. Alimtikisa kwa maelezo ambayo kila msomaji aliweza kuyapima dhidi ya kikopo chake shingoni.

Na ninyi wahariri mlio na vyombo, somo lenu liko kwa Desai. Yeye hakudaiwa kipande na askari yeyote. Angeweza kulinda matangazo na leseni yake, akasema hayo ni ya Waafrika. Ubaguzi wa polisi hudumu mahali ambapo wasioguswa nao wana magazeti na wanaoguswa hawana. Chombo chako kikimpa nafasi mtu wa kabila linalosakwa, akaeleza kwa jina lake na kwa maneno yake, hapo ndipo uandishi unapokuwa utetezi wa haki, bila kuacha hata kidogo kuwa uandishi.