Hotuba juu ya Kushona Kofia na Kutarizi kwa Mkono
(Iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Mimi si mzoefu wa kuhutubia. Kazi yangu ni sindano. Nimeombwa niseme juu ya kushona kofia na kutarizi kwa mkono, nami nimekubali kwa kuwa nina neno la kuwaeleza na ombi la kuwaomba, na yote mawili hayafai kungojea mwaka mwingine.

Hapana mtu katika ukumbi huu asiyeijua kofia ya mkono. Mwaivaa siku ya Idi, harusini na mazikoni. Lakini kuijua kwa kuivaa ni jambo moja, na kuijua kwa kuishona ni jambo jingine. Basi niruhusuni nieleze kwa ufupi.

Kofia ina sehemu mbili: duara ya juu, na ukanda unaozunguka kichwa. Kila sehemu ni vitambaa viwili vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. Mshonaji huchora ua lake kwa kalamu ya risasi, kisha hupiga bandi ili vitambaa visihame. Halafu huifuata mistari ya ua kwa mishono midogo midogo. Katika kofia ya vito huja kazi iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kutoboa matundu madogo na kuuzungusha uzi ukingoni mwa kila tundu mpaka likaze. Matundu hayo ni pambo, na tena hupitisha hewa kichwani, jambo ambalo mtu wa nchi ya joto hulishukuru. Mwisho sehemu mbili huunganishwa. Na kila kofia inapofuliwa hutiwa wanga na kuvalishwa foroma isije ikapoteza umbo lake. Kofia moja nzuri huchukua majuma mengi, pengine miezi.

Kazi hii ni ya pwani yote. Katika mji wa Lamu, ambao UNESCO iliuandika katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, wanaume kwa wanawake hushona kofia. Unguja hushonwa, na Omani pia, ambako kofia ya namna hii huitwa kumma, na kwa miaka mingi imevuka bahari pamoja na watu wa nchi hizo mbili. Jamaa yake ni tarizi ya shingoni mwa kanzu. Wazee mnajua tofauti ya kanzu ya ziki na kanzu ya mfuto isiyo na pambo lolote.

Sasa nasema juu ya fedha, maana mkono mtupu haulambwi. Tuseme mshonaji hukaa na kofia saa 3 kila siku kwa muda wa siku 40. Hizo ni saa 120. Tuseme akaiuza kwa shilingi 3,000. Kila saa imemletea shilingi 25, na bado hajatoa gharama ya kitambaa na uzi. Dukani nako zimejaa kofia za mashine kutoka ng'ambo, za bei ndogo, na mnunuzi akizitazama kwa mbali haoni tofauti. Msichana mwenye akili akipiga hesabu hii, je, tumlaumu akiiweka sindano chini? Mimi simlaumu. Wale wasemao kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu, nawaomba wapige hesabu kwanza.

Lakini, Bwana Mwenyekiti, haingekuwa haki kuitupia mashine lawama yote. Sehemu ya lawama ni yetu sisi washonaji, na hapa sina budi kujitaja mwenyewe.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na ua moja ambalo hakumwonyesha mtu. Alilishona usiku, na mchana kofia ilikaa ndani ya sanduku. Aliamini kwamba ua likijulikana litashuka bei, na labda kwa wakati wake alikuwa na haki. Alipofariki tuliikuta kofia ndani ya sanduku, ukanda umekwisha, duara imefika nusu. Nimeitazama kofia ile miaka mingi. Mistari aliyoichora naiona, mishono naihesabu, lakini mahali alipoanzia, na jinsi alivyougeuza uzi asiache fundo upande wa ndani, sijapata kuvijua. Kofia ile haitakwisha.

Mngedhani mtu aliyepatwa na hayo angejifunza. Sikujifunza. Miaka michache iliyopita binti wa jirani alinijia akasema, "Mama, nionyeshe unavyozungusha uzi kwenye tundu." Nikamjibu kwamba nina shughuli, arudi siku nyingine. Sikuwa na shughuli. Nilichelea kwamba atashona upesi kuliko mimi na kuwachukua wateja wangu. Alirudi mara mbili, mara ya tatu hakurudi. Siku hizi yeye anauza dukani, na mimi macho yangu hayaoni tundu mpaka nikae mlangoni penye jua. Mteja niliyemwogopea simwoni, wala mwanafunzi sinaye. Nimeyasema haya mbele yenu ili asiwepo mwingine wa kuyarudia.

Tazameni mfano wa wenzetu. Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa mwaka 1952, vilabu vyake viliwakusanya kina mama pamoja, wakafundishwa kushona na kazi nyingine za mikono. Aliyejua mshono aliuonyesha mbele ya wote, na aliyekosea alisahihishwa papo hapo. Ujuzi uliofundishwa hivyo haukuingia sandukuni.

Na ng'ambo nako ni vivyo hivyo. Kuna mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 juu ya urithi usioshikika, na Kenya iliuridhia mwaka 2007. Chini ya mkataba huo iliandikwa kazi ya lesi ya kijiji cha Lefkara, nchini Kipro, mwaka 2009, na tarizi ya Wapalestina mwaka 2021. Linaloangaliwa hapo ni ujuzi wenyewe: nani anamfundisha nani, na kama watoto wanaendelea kuupokea. Kofia iliyofungiwa kabatini ni kitambaa kizuri, lakini haiwezi kumfundisha mtoto namna ya kushika sindano.

Basi ombi langu kwa Chama ni mambo manne.

La kwanza, tupewe chumba kimoja cha jengo hili alasiri mbili kwa juma. Pafunguliwe darasa la kushona kofia na kutarizi, kwa wasichana na wavulana, maana kazi hii haikupata kuwa ya upande mmoja.

La pili, mwalimu alipwe kwa saa anazofundisha. Mshonaji mzee akilipwa kwa kufundisha, hataona kwamba kila mwanafunzi amemwibia riziki yake.

La tatu, kila nyumba yenye kofia ya zamani iikopeshe kwa juma moja, ichorwe katika daftari la Chama, na jina la ukoo wa mshonaji liandikwe kando yake. Mali bila daftari hupotea bila habari, na maua haya ni mali.

La nne, Chama kiuze kofia za darasa pamoja, kila moja ikiwa na karatasi inayosema imeshonwa kwa mkono na imechukua saa ngapi. Mnunuzi akielezwa tofauti huenda akailipia. Asipoelezwa hawezi kuijua.

Sidai kwamba darasa moja litazirudisha siku za zamani. Wengi watakaojifunza watashona jioni tu, baada ya kazi nyingine, na hilo halina aibu. Inatosha kila mwaka wapatikane watu wachache wanaoweza kuimaliza kofia bila kuuliza, na kila mmoja wao aahidi kumfundisha mwingine.

Mimi nimejitolea kuwa mwalimu wa kwanza, na miezi mitatu ya mwanzo sitaki malipo. Kofia ya bibi yangu nitakuja nayo darasani. Pengine yuko kijana mwenye macho mema atakayeona mahali uzi ulipogeuka, ambapo mimi sikupaona. Na yule binti wa dukani nimekwisha mwendea na kumwomba radhi. Amesema alasiri ya Jumamosi ana nafasi.

Wazee wetu, uamuzi uko mikononi mwenu.