Asante ya Punda

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za wanyama tunaokaa nao nyumbani, na jinsi tuwezavyo kufahamu yaliyo moyoni mwao, ingawa hawakujaliwa ulimi wa kusema.

Wahenga walinena, "Asante ya punda ni mateke." Kwa binadamu asiye na shukrani methali hiyo ni ya haki, lakini punda mwenyewe, kwa maoni yetu, amedhulumiwa.

Tulipokuwa tukijenga nyumba yetu Lamu, tulikuwa na punda mmoja wa kutuchukulia mchanga kutoka pwani. Siku moja alisimama katikati ya kichochoro, akakataa kata kata kwenda. Tulimpiga fimbo, akalaza masikio nyuma. Tukampiga tena, akatupa teke. Waliokuwapo wakacheka, wakaitaja methali ile. Ndipo mzee mmoja, jirani yetu, akasema, "Wanangu, mnyama huyu amewaambieni mara tatu: kwa kusimama, kwa masikio, kisha kwa mguu. Mtueni mzigo." Tulipotua shogi na kuondoa matandiko, tuliona chini yake kidonda kibichi, kipana kama kiganja. Tuliona haya sana. Teke lile lilikuwa neno la mwisho la kiumbe aliyekwisha kusema yote.

Punda si mkaidi kama asemwavyo. Farasi akiogopa hukimbia. Punda aghalabu husimama kimya, tena ana desturi ya kuficha maumivu yake. Kwa hiyo dalili zake ni ndogo, nazo zataka jicho la mtu mtulivu.

Wanyama wao hutusoma sisi kwa bidii kuliko tuwasomavyo. Mjini Berlin palikuwa na farasi aitwaye Hans, mali ya mwalimu Wilhelm von Osten. Farasi huyo alisifiwa kuwa ajua hesabu, kwani akiulizwa aligonga ukwato chini mpaka kufikia jibu. Mwaka 1904 wataalamu walimchungua, wasione hila. Lakini mtaalamu Oskar Pfungst aligundua, akaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1907, kwamba muulizaji asipojua jibu, au asipoonekana, farasi naye hajui. Siri ilikuwa hii: muulizaji huinamisha kichwa kidogo akingoja, na idadi ikitimia hukiinua bila kujijua. Hans hakujua hesabu, alijua watu. Bwana wake alimpenda, walakini miaka yote ile hakutambua farasi wake alikuwa akitazama nini.

Basi upendo peke yake hautoshi. Wako wasemao kwamba wao hujua moyo wa mnyama kwa hisi ya ndani tu. Hatuwakanushi, lakini twaamini kwamba hisi hiyo ni tunda la kutazama siku nyingi. Mama humjua mtoto wake mchanga kwa kukaa naye, wala si kwa uganga.

Tazameni mbwa. Wengi hudhani mkia ukitikisika ni furaha. Mkia uliolegea, na mwili mzima ukiyumba, ni furaha kweli; bali mkia uliosimama wima na kukakamaa, ukitikisika upesi upesi, huenda ukawa onyo. Paka naye hukoroma akiwa raha mstarehe, lakini pia pengine hukoroma akiwa mgonjwa; kwa hiyo angalieni kama anakula na kujisafisha kama kawaida yake. Tena mkitaka kumpa salamu, msimkodolee macho. Yafumbeni polepole, kisha yafumbueni. Uchunguzi uliofanywa Uingereza na kutangazwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba paka wengi hujibu kwa kufumba yao, tena humkaribia mtu afanyaye hivyo.

Punda wetu tulimpumzisha mpaka akapona. Tangu siku ile, kabla ya kumpakia mzigo, tulipitisha mkono mgongoni pake na kutazama masikio yake. Akiyalaza, twangoja, twatafuta sababu. Naye hakututupia teke tena.

Usiku huu, kabla hamjalala, mtazameni kidogo mnyama wenu, bila kumwita wala kumwamuru. Pengine amekwisha kusema, naye angoja kusikiwa. Kwaherini.