Kunguru na Taka Zetu



Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Suratul An'aam, aya ya 38, kuwa wanyama na ndege ni umma kama sisi. Basi tuwatazame ndege wa mji wetu wa Unguja. Katika miaka ya 1890 kunguru waliletwa hapa kutoka Bara Hindi ili wale taka. Wakazaana, na hivi leo hula mayai na makinda ya ndege wa asili.

Hadithi sahihi imemtaja kunguru miongoni mwa viumbe watano wanaoruhusiwa kuuawa. Lakini kumuua hakutoshi maadamu sisi wenyewe ndio tunaomlisha. Kiangazi taka zetu hulala majaani wazi. Masika na vuli mvua huzisomba hadi mitaroni na ufukweni. Na Idi ya Mfunguo Tatu ikifika, matumbo ya wanyama hutupwa ovyo.

Kwa hiyo kila msikiti uanze na mtaa wake: taka zifunikwe, matumbo yafukiwe, miti ihifadhiwe. Sumu tusitege wenyewe, kwani huua hata asiyekusudiwa. Usafi ni katika imani, na makinda hao nao wana haki juu yetu.

Wabillahi tawfiq.