Hesabu Kabla ya Kumwaga Zege

Leo napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo pengine hamkulitarajia katika kipindi hiki, nalo ni zege: saruji, mchanga, kokoto na maji. Nina sababu yangu. Zege lilinifundisha habari ya deni, na somo hilo nililipata kwa aibu, hapa hapa Port Reitz.

Miaka kadhaa iliyopita, mimi na mama watoto tulikuwa tunajenga nyumba ndogo. Fedha nyingi zilikuwa zake, za kuuza mahamri na mbaazi kila alfajiri. Kuta za msingi zilikuwa zimesimama, udongo umejazwa ndani, na ilibaki kumwaga sakafu. Usiku mmoja nikaketi na kalamu yangu. Urefu mita 8, upana mita 6, hizo ni mita 48 za eneo. Unene wa sakafu sentimita 10. Nikazidisha, nikapata mita 4.8 za ujazo.

Fundi wetu, mzee aliyejenga nyumba nyingi Changamwe, alikuwa amenieleza kwamba kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne, yaani karai moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, kila mita moja ya ujazo hula karibu mifuko 6 na nusu ya saruji ya kilo 50. Basi nikapata mifuko 31. Nikapiga mstari chini ya hesabu, nikalala kwa raha.

Asubuhi yake mzee alikuja, akautazama ule udongo, akasema, "Mwanangu, hebu tuvute kamba kwanza tuupime. Naona kama umelalia upande mmoja." Nikamjibu, "Mzee wangu, tusipoteze siku. Vibarua nimekwisha waita kwa Jumamosi."

Jumamosi ikafika. Vijana sita walifanya kazi vizuri tangu alfajiri. Lakini ilipofika saa nane mchana, saruji ilikuwa imekwisha, na karibu sehemu ya tano ya sakafu ilikuwa bado udongo mtupu. Kumbe udongo ulikuwa umezama upande mmoja. Unene ambao mimi niliuandika sentimita 10 ulikuwa, kwa wastani, sentimita 12 na nusu. Tofauti hiyo ni ndogo kama upana wa vidole viwili vyembamba. Lakini itandaze juu ya mita 48, utaona kwamba mita 4.8 za ujazo zimekuwa mita 6, na mifuko 31 imekuwa 39. Nilipungukiwa mifuko 8, tena mchanga na kokoto za kuandamana nayo.

Ndugu msikilizaji, zege si kama ukuta wa mawe. Ukuta waweza kuuacha leo ukaendelea mwezi ujao. Zege ukiliacha katikati likakauka, lile utakaloliongeza kesho halishikamani nalo sawasawa, na hapo ndipo ufa huanzia. Kwa hiyo ilinibidi kumaliza siku ile ile. Nilikuwa na fedha gani? Nilikuwa na mshahara wa vibarua mfukoni. Nikauchukua, nikanunua vilivyopungua, na saa kumi na mbili jioni sakafu ikaisha.

Vijana walinawa mikono, wakasimama mlangoni wakingoja. Nikawaambia warudi juma lijalo. Mmoja wao akanijibu kwa heshima, "Baba, mtoto wangu ana homa tangu jana. Nilimwambia mama yake nitarudi na pesa ya dawa." Nami nikamwambia, "Nivumilie kidogo, mwanangu."

Mama watoto aliyasikia yale. Hakunigombeza. Aliingia ndani, akatoka na pesa ya unga wa mahamri, akamwita yule kijana akampa. Wale wengine niliwalipa juma lililofuata, kwa mkopo. Na kwa siku tatu jiko la mahamri halikuwashwa.

Hapo ndipo nilipofahamu jambo ninalotaka kuwaachia leo. Gharama usiyoihesabu haifi. Huhama tu. Huondoka katika karatasi ya mwenye nyumba, ikaenda kukaa juu ya mabega ya mtu mwingine, na mara nyingi mtu huyo ni mnyonge kuliko mwenye nyumba.

Msidhani jambo hili ni la huku kwetu peke yake. Mpwa wangu anaishi Marekani, katika jimbo la Minnesota, ambako Wakenya na Wasomali wengi wamehamia. Huko wakati wa baridi maji hugeuka barafu hata ndani ya ardhi. Siku moja alinipigia simu kwa hasira. Alitaka kujenga baraza lenye paa mbele ya nyumba yake, naye alikuwa amepima urefu, upana na unene kama nilivyopima mimi. Mkandarasi akamtajia bei ya mbali sana na hesabu yake. "Mjomba," akasema, "watu hawa wanataka kuniibia!"

Nikamwambia, "Usitukane mtu kabla hujamwuliza. Mwombe akuandikie kila kitu mbalimbali." Akafanya hivyo, na hasira yake ikapoa. Kumbe katika sehemu ya kusini ya jimbo lile, sheria yataka msingi ushuke inchi 42 chini ya ardhi, yaani futi 3 na nusu. Na kaskazini, inchi 60, ambazo ni futi 5 kamili. Maji yakiganda hutanuka, karibu sehemu 9 katika kila mia, na msingi usioshuka chini ya barafu huinuliwa na ardhi mpaka kuta zikapasuka. Tena, kazi ikifanywa wakati wa baridi kali, maji ya kuchanganyia sharti yapashwe moto, na zege lifunikwe kwa mablanketi maalumu, kwa maana zege likiganda siku ya kwanza laweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake. Kuchimba, kupasha moto, kufunika: yote hayo hayaonekani baraza likiisha. Lakini ndiyo yaliyokuwa sehemu kubwa ya bei. Mpwa wangu aliamua kungoja baridi ipite, akapunguza gharama bila kumpunja mtu.

Sisi wa Port Reitz hatuna barafu. Lakini tunayo chumvi, nayo ni ndugu yake barafu kwa tabia. Mchanga wa ufuoni una chumvi, na maji ya visima vyetu vingi pia yana chumvi. Ikiingia katika zege lenye vyuma, huvila vyuma vile polepole, na kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe. Basi hutanuka ndani kwa ndani kama barafu, mpaka zege likabanduka. Nani kati yenu hajaona dari ya nyumba kuukuu imemomonyoka, na vyuma vyekundu vikichungulia? Kwa hiyo mchanga wa ufuoni bei yake si ile unayolipa leo. Bei nyingine italipwa na watoto watakaolala chini ya dari ile.

Kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa saruji mwaka 1954, nasi watu wa Mombasa tumeizoea saruji mpaka twadhani kwamba gharama ya zege ni bei ya saruji. La, sivyo. Ukitaka kukadiria sawasawa, fanya hivi. Kwanza, vuta kamba na upime unene mahali pengi, walau mahali tisa, ndipo utafute wastani. Pili, baada ya kupata ujazo, ongeza sehemu 5 mpaka 10 katika kila mia, kwa kuwa mchanganyiko mwingine humwagika na mfuko mwingine hupasuka. Tatu, hesabu maji. Kila mfuko wa saruji wataka karibu lita 25 za maji yasiyo na chumvi. Mifuko 39 ni karibu lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Ninyi mnaonunua maji ya mkokoteni mwajua maana yake. Na zege likishamwagwa bado lina kiu. Jua letu ni kali, basi lifunike na kulimwagilia kwa siku zisizopungua 7, ama litapasuka juu.

Nne, uliza bei ya kila kitu pamoja na kukifikisha kiwanjani, wala usitumie bei ya mwaka jana. Tazama pia majira, kwa maana katika masika, kuanzia Aprili, lori laweza kukwama na mvua yaweza kuosha zege bichi. Tano, na hili msilisahau, mshahara wa vibarua uweke katika bahasha yake, uifunge, umpe mtu mwaminifu akutunzie. Mimi sasa bahasha hiyo humpa mama watoto.

Wapenzi, katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu alitumia mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Alionyesha kwamba mtu huyo huketi kwanza akapiga hesabu, asije akaishia kwenye msingi na kuchekwa na wapita njia. Zamani nilidhani hatari ya kutohesabu ni kule kuchekwa tu. Mimi Jumamosi ile hakuna aliyenicheka. Niliangaliwa na kijana aliyekuwa amechoka, na hilo lilinichoma zaidi. Torati nayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, yaagiza kwamba kibarua alipwe ujira wake kabla jua halijatua. Jua lilikuwa limekwisha tua, nami nilikuwa nimesimama juu ya ujira wa watu sita, umekwisha kuwa sakafu.

Sakafu ile ipo hata leo. Kwenye kona ile ya mwisho kuna ufa mwembamba, kwa kuwa haraka ya jioni si sawa na utaratibu wa asubuhi. Wageni hawauoni, kwani tumeweka mkeka. Lakini mimi huujua ulipo.

Basi wewe unayekusudia kujenga, au kuoza binti, au kumdhamini rafiki kwa mkopo, keti kwanza. Hesabu yanayoonekana, kisha hesabu yatakayofukiwa. Na ukimaliza, jiulize swali moja zaidi: nikikosea hapa, ni nani atakayelipa? Ukiona jina la mtu mwingine, kalamu yako haijamaliza kazi.

Mungu awape hekima na subira. Kwaherini, mpaka juma lijalo.