Land Cruiser ao HiAce: tufikirie mwenye kuketi ndani



Mbele ya kupiga kura juu ya motokari ya shirika, tufikirie ndani yake. Nyuma ya Land Cruiser watu 10 wanaketi kwa benchi mbili wakitazamana, goti kwa goti, mifuko chini ya miguu. Kwenye kona wanaangukiana. Tena ni ya juu: mama mwenye mimba anapanda kwa shida. HiAce ni ya chini, mlango wake uko pembeni, viti vinatazama mbele. Kwa kuketi, inashinda.

Lakini tumbo lake liko karibu na udongo. Mvua ikinyesha, matope ya njia ya Kalemie yataishika, na kiti kizuri hakitamufikisha mugonjwa hospitali.

Maoni yangu: tuchukue Land Cruiser, lakini tuitengeneze. Benchi moja ikikunjwa, godoro la mugonjwa linaenea, na mwenye kumulinda anaketi ngambo ingine. Tuongeze ngazi ya kupandia na vyuma vya kushika. Wafadhili, ni hivi vidogo tunaomba. Na sisi wenyewe tukubaliane: siku ya mugonjwa, hakuna kupakia mihogo.