Hao ni wa Wazungu

Ndugu wasikilizaji, leo naomba tuweke kando siasa, bei ya sukari na adha ya daladala, tuzungumze juu ya samaki. Si samaki wa kukaanga wala wa kupaka. Nazungumzia samaki wa kutazama.

Mwaka mmoja nikiwa Kigoma kikazi nilikaa ufukweni na mzee mmoja mvuvi. Maji yalikuwa maangavu, mawe ya chini yanaonekana wazi, na kati ya mawe hayo walikuwa wakicheza samaki wadogo wadogo, wengine wa manjano, wengine wenye mistari kama punda milia. Nikamwuliza wanaitwaje. Mzee akanijibu bila kugeuza kichwa: "Hao hawaliwi, mwanangu. Hao ni wa Wazungu."

Mzee yule hakukosea. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 samaki hai wa Ziwa Tanganyika wamekuwa wakipakiwa ndani ya mifuko ya nailoni yenye maji na hewa ya oksijeni, kisha wakapandishwa ndege kwenda Ulaya, Marekani na Japani. Huko hukaa sebuleni, katika tangi la kioo lenye taa, na mwenye nyumba huwajua kwa majina ya Kilatini. Siku hizi wengi wao hata hawatoki tena ziwani. Wanazaliwa huko huko, katika mabwawa ya Florida na matangi ya Ulaya. Sisi tuliopewa ziwa lenyewe, ukimwuliza mtu wa Dar es Salaam au Nairobi akutajie samaki mmoja wa mapambo, atakutajia yule mwekundu wa Kichina. Wahenga walisema: penye miti hapana wajenzi.

Hebu tuwafahamu kwanza. Hawa ni ndugu wa sato, na wataalamu huwaita sikilidi. Ziwa Tanganyika lenye kina cha mita 1,470, ambalo ni la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi, lina takriban aina 240 za sikilidi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Yumo kuhe, mkubwa kuliko wote, ambaye ni kitoweo. Wamo pia wadogo wa sentimita nne tu, ambao nyumba yao ni kombe tupu la konokono. Katika Ziwa Nyasa wamo mbuna, samaki wa mawe, wa buluu na wa manjano, na jamaa zao wengine. Jumla ya aina zao ni mamia mengi. Na Ziwa Victoria lilikuwa na furu, aina zipatazo 500.

Nimesema lilikuwa, na hapo ndipo penye uchungu. Katika miaka ya 1950 na 1960 sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria. Akakaa kimya kwa muda, kisha miaka ya 1980 akaongezeka ghafla. Furu wakaliwa, huku maji nayo yakichafuka na kupungukiwa hewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi, waliokuwa na kituo Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, waliona nyavu zao zikipanda bila furu pale walipozoea kuwapata kwa maelfu. Inakadiriwa kuwa aina zipatazo 200 zilipotea. Baadaye, sangara alipovuliwa sana, baadhi ya furu walirudi. Lakini zipo aina ambazo kwa miaka mingi zilibaki hai katika matangi ya kioo tu, huko Ulaya na Marekani, zikitunzwa na watafiti, bustani za wanyama na watu wa kawaida wanaopenda samaki.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, tangi la samaki si mchezo wa kitoto wala anasa ya mwenye pesa nyingi. Ni jambo linaloweza kuhifadhi kiumbe. Tatizo ni kwamba sisi tukilinunua, tunalinunua kama pazia. Kuna ofisi moja mjini, sitaitaja, iliyoweka tangi zuri mapokezini. Wiki ya kwanza samaki kumi na wanane. Wiki ya tatu niliwahesabu wanne. Mwezi wa pili tangi lilikuwa limejaa maua ya plastiki. Nilipomwuliza kijana wa mapokezi akasema, "Kaka, samaki hawa hawana bahati."

La hasha! Si bahati. Mwenye tangi alinunua samaki kabla ya kutengeneza ziwa. Nimewauliza wanaofuga kwa miaka mingi, nimesoma na kujionea, na mambo yenyewe hayana uchawi.

Kwanza, tangi liwe kubwa. Tangi dogo huchafuka haraka, na samaki hawa ni wagomvi wa mipaka. Kwa mbuna, anza na tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana 45 na kina 45. Hilo huchukua kama lita 240. Fundi wa vioo mwenye kioo cha milimita 10 na gundi ya silikoni isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu anaweza kukutengenezea. Lakini piga hesabu: lita moja ya maji ni kilo moja. Ukiongeza mawe na kioo chenyewe umepita kilo 300. Meza ya kahawa haitaweza. Tafuta kitako cha chuma au tofali, na usiliweke penye jua.

Pili, mawe. Samaki hawa ni wa mawe kama kuku alivyo wa banda. Panga mawe yafike juu, yaache mapango ya kujificha. Yalaze moja kwa moja juu ya kitako cha tangi, ndipo umwage mchanga uliooshwa. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki watachimba na mnara utaanguka juu ya kioo.

Tatu, maji. Maji ya maziwa haya ni magumu, hayana uchachu kabisa. Kipimo chake cha pH huanzia karibu 8 na Tanganyika hufika 9. Mkazi wa pwani ana bahati, maana mawe ya zamani ya matumbawe yanayojengewa nyumba huyapa maji chokaa inayotakiwa. Ukitaka kujua kama jiwe lina chokaa, lidondoshee siki; likitoa mapovu, ni lenyewe. Lioshe mpaka chumvi iishe. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwenye ndoo wazi usiku kucha kabla ya kutumika. Joto liwe nyuzi 24 hadi 27. Dar es Salaam hilo si tatizo, lakini Mbeya, Arusha na Nairobi utahitaji kifaa cha kupashia maji moto.

Nne, na hapa ndipo wale wa ofisini walipopotea, subira. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, na amonia ni sumu. Ziwani kuna bakteria wanaoigeuza sumu hiyo kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wakaigeuza kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Tangi jipya halina bakteria hao. Washa chujio, tia chembe chache za chakula kila siku ili zioze, na ungoje wiki nne hadi sita huku ukipima maji. Ndiyo, wiki sita unatazama mawe. Majirani watakucheka. Waache wacheke.

Tano, samaki wenyewe. Usichanganye wa maziwa tofauti kwa sababu rangi zimekuvutia. Chagua mbuna wapole kiasi, aina mbili au tatu zisizofanana rangi, dume mmoja kwa majike watatu au zaidi. Ukiweka dume na jike mmoja tu, jike atafukuzwa mpaka afe. Wakiwa 15 au zaidi ugomvi hugawanyika, hakuna mmoja anayeonewa peke yake. Mwenye nafasi ndogo achukue wale wa makombe ya konokono. Hao lita 60 zinawatosha. Na ukimwona jike wa mbuna ameacha kula, kidevu kimevimba, usimpe dawa. Amebeba mayai mdomoni, na atakaa hivyo karibu wiki tatu, bila kula au akila kidogo sana, mpaka watoto waweze kuogelea.

Sita, chakula. Mbuna wengi hukwangua mwani kwenye mawe. Wape chakula cha majani, kidogo, mara moja au mbili kwa siku. Ukiwapa nyama ya ng'ombe matumbo yao huvimba na hufa. Kila wiki badilisha robo ya maji.

Na umeme, najua mnataka kuuliza. Ukikatika, usiwalishe. Koroga maji ya juu mara kwa mara au tumia pampu ndogo ya hewa ya betri. Ukirudi baada ya saa nyingi, suuza chujio kwa maji ya tangi kabla ya kuliwasha, kwa sababu bakteria wa ndani wamekufa na wameoza.

Neno la mwisho kwa mfugaji: ukichoka nao, mpe mwingine. Usiwamwage mtoni wala bwawani. Hadithi ya sangara inatutosha. Na anayetaka kuwavua ziwani kwa biashara aende kwanza ofisi ya uvuvi akapate leseni, kwa kuwa ziko aina zinazoishi kwenye mwamba mmoja tu, na mwamba mmoja humalizwa upesi.

Ndugu wasikilizaji, ningependa kuona tangi la namna hii katika shule ya sekondari ya Kigoma, ya Kyela na ya Mwanza, mtoto wa mvuvi akijua jina la samaki wa kwao kabla hajalisoma katika kitabu cha Mjerumani. Maana anayelitunza tangi hulielewa ziwa. Anajua chakula kikizidi maji huoza, na tope likifunika mawe mwani hufa, na wanaoula hufa. Ndivyo ilivyo pia milima ya kando ya ziwa ikikatwa miti na udongo ukashuka na mvua. Tofauti ni moja. Tangi likichafuka, utachukua ndoo na kubadilisha robo ya maji. Ziwa Tanganyika likichafuka, ndoo hiyo ataishika nani?

Kwa leo naishia hapa. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.